Mashini Ilirudi Ejo

Tak. Kisha kimya ya segonde ine. Kisha tak ingine.

Ile ndio ilikuwa sauti ya nyumba ya pompe ya maji ku mutaa wa Majengo, na hakuna mutu mwenye aliijua kumupita Papa Ntirenganya, mulinzi wake. Tak ya kwanza: robine ndogo ya umeme inafunguka, dawa ya kusafisha maji inatoka mu bidoni, inaingia mu tanki. Tak ya pili: robine inafungika. Katikati, Papa Ntirenganya alikuwa na desturi yake. Anavua kofia, anasema pole pole, "Mama Maria, bariki maji ya batoto, amina." Akifika ku amina, tak inalia. Kila nusu saa, muchana kutwa, miaka mbili.

Sylvie Kasoki, mwenye alitengeneza ile mashini, alikuwa anamuchekaga.

"Papa Ntire, mashini inahesabu yenyewe. Haingoje amina yako."

"Eh, enjenyeri, miye siihesabie. Naisindikizaga tu."

Kasoki alikuwa musichana wa Butembo, miaka makumi mbili na tatu, sauti yake ndogo kama ya mutu mwenye anaomba chumvi kwa jirani mwenye hamujue. Alikuwa anakaa kwa mujomba yake, Papa Kambere, muuzaji wa mabati, mwenye alimusomesha na mwenye alikuwa pia prezida wa komite ya maji. Siku komite ilikosa mutu wa kutengeneza mashini ya dawa, Papa Kambere alisimama mbele ya batu bote akasema, "Muko na enjenyeri mu nyumba yangu, munatafuta wapi?" Kasoki alitamani sakafu ipasuke. Lakini alifanya.

Ordinateri yenyewe, ile kompyuta yenye kuendesha mashini, ilikuwa ya kutupwa. Biro moja ya mutaa wa Himbi iliitoa inje pamoja na viti vya kuvunjika, Kasoki akaibeba mikononi kama mutoto mwenye kulala. Ilikuwa nzito kuwaka, muzee kabisa. Sasa, mu kila ordinateri kuko programu moja ya katikati, yenye programu zote zingine zinaomba ruhusa kwake mbele ya kufanya kitu. Kasoki alikuwa anaiita kokwa, juu iko mule ndani kama kokwa ya avoka: batu banakula nyama, lakini muti unatoka ku kokwa. Kasoki alifungua ile kokwa, akapunguza vyenye havina kazi, akaongeza mistari yake mwenyewe yenye inafungua na kufunga robine. Na ili mashini iwake mbio, aliandika neno moja ku mustari wa kuwashia. Ile neno maana yake ni "ya kuaminika". Inaambia kokwa: saa ya prosesa, ile kichwa yenye kupiga hesabu, ni ya kuaminika, usipoteze wakati kuichunguza.

Mashini ikawaka mbio. Kasoki akafurahi, akaisahau ile neno kama vile mutu anasahau sindano mu nguo.

Kisha batoto bakaanza kugonjwa.

Kwanza mapacha ya avenyi, ile barabara ya chini. Kisha mutoto wa mwalimu. Mu juma moja ilifika batoto munane, kuhara na kutapika, macho ndani. Mama Clotilde, muganga wa santre ya afya, alikuja mwenyewe na kichupa chake, akaweka matone mu maji ya robine. Ingegeuka rangi ya pinki kama dawa iko mule. Ilibaki nyeupe. Akarudilia. Nyeupe.

Komite ikakimbia ku nyumba ya pompe. Mashini ilikuwa imeandika mu jurnali yake: dawa imetolewa, dawa imetolewa, dawa imetolewa, hakuna pengo hata moja. Lakini bidoni ya dawa ilikuwa bado imejaa karibu mpaka ku shingo.

Papa Kambere aliangalia jurnali, akaangalia bidoni, akaangalia Papa Ntirenganya.

"Dawa inatoka kila nusu saa, na bidoni haipungue. Ni muujiza ama ni nini? Weye unatoa dawa, unauzisha, unajazia na maji."

"Papa prezida, mashini ndiyo—"

"Mashini haidanganye! Mashini haina tumbo!"

Kwa hasira na kwa woga balimwanga ile bidoni inje, ku mawe ya volkano, bakaleta mupya, bakazima mashini, bakaiwasha tena. Hakuna mutu mwenye alifikiri kunusa kama ilikuwa dawa ama maji. Papa Ntirenganya akanyanganywa ufunguo. Ikasemwa siku ya Mungu, kisha misa, avenyi yote itakutana, Kasoki atasoma jurnali mbele ya batu, na Papa Ntirenganya atapelekwa kwa polisi afungwe. Ilikuwa siku ya ine ya juma. Kufika jioni, batoto ba barabarani balikuwa banamuita "Mukunywa-dawa".

Usiku ile Kasoki hakukula. Bibi ya mujomba alimuuliza kama iko mugonjwa, akasema hapana. Kitu yenye ilimukaba ilikuwa simu.

Majuma mbili nyuma, Papa Ntirenganya alikuwa amemupigia. Kasoki alikuwa mu masomo, akatoka ku mulango, akajibu mbio mbio.

"Enjenyeri, mashini inalia mubaya. Inasema tak-tak, kama mutu mwenye baridi. Amina yangu inabaki inje."

"Papa Ntire, hauisikie vizuri. Ni juu ya kelele ya pompe."

"Hapana, nasikia. Na mu ekra iliandika segonde ya saba, kisha ikaandika ya sita. Mashini inarudi ejo. Haijue ejo na ejo."

"Ejo ni nini, Papa?"

"Ejo, ejo! Inachanganya ejo na ejo!"

Benzake balikuwa banamuchungulia ku dirisha. Kasoki alicheka kidogo, ile kicheko ya haya. "Papa, mashini haikose. Nitapita." Na hakupita.

Siku ya tano alienda kwa Papa Ntirenganya. Ilimukamata saa nzima kufika, na haiko mbali. Ku mulango alimukuta Dative, binti wa muzee, mwenye alikuwa anafua mu beseni. Dative alikuwa na miaka kumi na sita na mudomo wa makumi ine.

"Ah! Madame enjenyeri. Umekuja kupima sisi pia kama tuko na dawa ndani?"

"Nakuja kuona Papa."

"Papa iko. Tangu jana iko fasi moja. Ukimuwekea kamba utazania ni mbuzi." Dative alikamua shemize kwa nguvu. "Maji ya kufua tumeomba kwa jirani, unaona? Ku robine banatuambia mwizi haingie ku mustari."

Kasoki aliangalia chini. Maneno yake ilikuwa imepangwa vizuri tangu ku nyumba, sasa yote ilikimbia. Kitu yenye ilibaki ilikuwa moja tu.

"Dative... ejo ni nini?"

Dative aliacha kufua. "Nini?"

"Papa aliniambia mashini inachanganya ejo na ejo. Sikusikia ile Kinyarwanda. Nilizania... sijue nilizania nini."

"Ulizania muzee anapayuka." Dative alipangusa mikono, lakini sauti yake ilishuka kidogo. "Ejo ni jana. Na ejo ni kesho."

"Yote mbili?"

"Yote mbili. Neno ni moja. Ukitaka mutu asikie muzuri unaongeza: ejo hashize, ile imepita. Ejo hazaza, ile inakuja. Usipoongeza, mwenye kusikia anapima mwenyewe."

"Na akipima mubaya?"

"Anakungoja kesho na weye ulikwisha kuja jana."

Kasoki alisimama pale, mudomo wazi, kama mutu mwenye amekumbuka aliacha sufuria ku moto. Kutoka ndani ya nyumba Papa Ntirenganya alikohoa.

"Dative, ni nani?"

"Ni enjenyeri, Papa. Anajifunza Kinyarwanda."

Kasoki hakuingia. Hakuweza kumuangalia ule muzee na mikono mitupu. Alisema "nitarudi," na Dative akajibu nyuma yake, "Ndiyo, kama siku ile."

Papa Kambere alimupa ufunguo bila kuuliza. Alizania anaenda kuchapisha jurnali. Kasoki alijifungia mu nyumba ya pompe, akavuta kiti ya Papa Ntirenganya, yenye muguu moja ilifungwa na kamba, akakaa kusikiliza. Tak, segonde ine, tak. Nusu saa. Tak, segonde ine, tak. Mashini ilikuwa na adabu kama bibi-arusi.

Kisha, kwenye saa kumi, umeme ikakatika, kama kila siku tangu majuma mbili. Batri ikashika kazi. Tak, segonde ine, tak. Umeme ikarudi. Akangoja tena.

Tak-tak.

Alikimbia ku ekra: dawa imetolewa. Na ku mustari wa saa, segonde ya makumi ine na moja, chini yake segonde ya makumi ine.

Sasa alijua fasi ya kuchimba. Ile prosesa ilikuwa na mioyo mbili, na kila moyo ilikuwa inahesabu mapigo yake yenyewe. Kwa hesabu ile ndio mashini inajua saa. Umeme ikikatika, Kasoki mwenyewe aliamuru kokwa ilalishe moyo moja ili batri isiishe. Lakini kwa ile prosesa ya zamani, moyo ikilala, hesabu yake inasimama. Ikiamka haijue kama ililala. Inaendelea pale ilifikia. Kutoka pale, mpaka mashini izimwe, moyo moja iko mbele, ingine iko nyuma. Kazi ya robine ikianzia ku moyo ya mbele, kisha ikasukumwa ku moyo ya nyuma, kokwa inapiga hesabu: saa ya sasa toa saa ya kuanzia. Inapata kitu chini ya zero.

Na nambari za pale ndani hazina chini ya zero. Ni kama kontere ya moto, ile yenye kuhesabu kilometa za pikipiki: ukiizungusha nyuma kupita zero, haikuambie umerudi, inakuandikia tisa, tisa, tisa, tisa, tisa. Basi jana kidogo ikasomwa kama kesho ya mbali sana. Mashini ikaona segonde ine zimepita zamani, pengine miaka mia, ikafunga robine mbele tone moja itoke, na ikaandika kwa roho safi: dawa imetolewa.

Haikudanganya. Ilikosa tu neno ya kuongeza ku ejo.

Na kokwa ingeweza kukamata ile moyo yenye kuchelewa. Kokwa iko na mulinzi wake, anayelinganisha saa ya prosesa na saa ingine yenye iko ku plake ya mashini, inje ya prosesa. Ikiona moja inapotea, inaacha kuiamini. Lakini Kasoki alimufukuza ule mulinzi siku ya kwanza, na neno moja. Alipoiona ku mustari wa kuwashia, ya kuaminika, alifunika uso na mikono mbili. Ile mashini ya kutupwa aliipa neno ile bila kuijaribu. Na mutu mwenye alikaa nayo miaka mbili, mwenye aliisikia ikikosa, hakumupa hata dakika tano ku simu.

Siku ya posho, ile ya mbele ya siku ya Mungu, alifanya kazi tangu asubui. Alifuta ile neno. Mu kokwa akaandika mistari mitatu: kama hesabu ya wakati ni kubwa kupita vile inaweza kuwa, basi haiko kesho, ni jana, uiite zero, usubiri. Akafunga kazi ya robine ku moyo moja, isirukeruke. Ilimukatalia mara ine, mara ya tano ikakubali. Kokwa ya zamani hakuifuta. Aliacha zote mbili mu mashini, ya kukosa na ya kupona.

Jioni alimuelezea mujomba yake mu salo. Papa Kambere alisikiliza mpaka mwisho, na ile ndio ilimuogopesha Kasoki zaidi.

"Umeitengeneza?"

"Ndiyo, mujomba."

"Haitarudilia?"

"Haitarudilia."

"Basi imeisha. Kesho unasoma jurnali, unakaa."

"Mujomba, ila Papa Ntirenganya hakuiba."

"Sikusema aliiba. Nasema imeisha." Aliinama karibu yake. "Kasoki, mama. Batoto munane. Ukisema ni mashini, batauliza: nani aliitengeneza? Kisha batauliza: nani alimuleta? Ule Ntirenganya ni muzee, atarudi kwabo ku kijiji ya Kibumba, atalima viazi, batu batasahau. Weye ukichafuka leo, nani atakupa kazi? Maji ikimwangika haizoleki."

"Tulimwanga dawa, mujomba. Si maji."

Alishangaa mwenyewe kusikia ile neno inatoka mu kinywa yake. Papa Kambere pia alishangaa. Alisimama, akazima televizio yenye ilikuwa imekwisha kuzima, akaenda kulala.

Siku ya Mungu, kisha misa, avenyi ilijaa mbele ya nyumba ya pompe. Papa Ntirenganya alisimama pembeni na koti yake ya misa, Dative ubavuni. Mama ya mapacha alikuwa mbele kabisa. Mapacha balikuwa bazima sasa, lakini uso wa mama ulikuwa bado haujarudi.

"Enjenyeri atasoma jurnali," Papa Kambere alisema.

Kasoki alishika karatasi. Akasema kitu.

"Sauti!" batu balipiga kelele. "Enjenyeri, tunakuombea batri?"

Bakacheka. Akaweka karatasi chini.

"Nimesema sitaisoma. Ni ya uongo. Musikilize robine yenyewe."

Alifunga robine ya tanki kusudi hakuna mutu anywe, akawasha mashini na kokwa ya zamani, akachomoa umeme, akarudisha, na akaamuru dawa itoke. Tak. Segonde ine. Tak.

"Iko muzuri!" mutu mumoja alisema.

Akachomoa tena, akarudisha. Tak. Segonde ine. Tak. Sasa batu balianza kunongona, na Papa Kambere alivuta pumzi kama mutu mwenye mutihani umemupita pembeni. Kasoki aliwaza: kama inakataa leo, nimemumaliza yule muzee na mikono yangu. Akachomoa mara ya tatu.

Tak-tak.

Kasoki aligeuza ekra ili batu baone: dawa imetolewa. Kisha aliinua mupira mudogo wenye unaleta dawa mu tanki. Hakuna tone.

"Hivi ndio ilifanya majuma mbili," alisema. "Papa Ntirenganya aliisikia. Alinipigia simu. Nilimucheka. Dawa ilibaki mu bidoni, haikuuzishwa, na siye tuliimwanga. Kosa iko yangu. Ni miye nilisema mashini ni ya kuaminika."

Mama ya mapacha alimuangalia wakati murefu. Hakumutukana. Ingekuwa afazali amutukane.

Kasoki alizima, akawasha na kokwa mupya. Akachomoa, akarudisha, mara kumi, mara kumi na tano. Kila mara segonde ine. Ku mara ya sita ama ya saba, aliona midomo ya Papa Ntirenganya inatembea yenyewe, kofia mu mukono: Mama Maria, bariki maji ya batoto. Alifika ku amina sawasawa na tak. Kisha alijigundua, akavaa kofia, akaangalia pembeni.

Papa Kambere alikuwa muchuuzi. Alijua saa ya kupunguza bei. Akatoa ufunguo mu mufuko.

"Papa Ntirenganya, umeona mwenyewe. Ni mashini. Hakuna mutu mwenye anakuchukia hapa. Ufunguo wako ni huu. Utarudi ku kazi siku gani?"

Muzee alipokea ufunguo na mikono mbili, vile heshima inataka. Akaupima kidogo mu kiganja.

"Ejo," alisema.

Akashika bega ya Dative, bakaenda. Batu baliwaachia njia, na hakuna hata mutoto mumoja mwenye aliita lile jina.

"Amesema nini?" Papa Kambere aliuliza.

"Amesema kesho," mutu mumoja alijibu.

Neno ya kuongeza haikusemwa, na Kasoki alikuwa ameisikia ikikosekana.

Siku ya kwanza ya juma, saa kumi na mbili ya asubui, alikuwa ku mulango wa nyumba ya pompe. Jana, mbele ya mukutano, alikuwa ameleta kamba mupya, akafunga muguu wa kiti vizuri. Bamama na bidoni zao balikuwa banaanza kupanga mustari. Alisikia viatu ku mawe, akageuka mbio.

Alikuwa Dative, na ufunguo.

"Papa alipanda moto ya kwenda Kibumba saa kumi na moja. Iko na shamba ya ndugu yake ya kulima."

"Alisema ejo," Kasoki alisema.

"Ndiyo." Dative aliweka ufunguo mu mukono yake. "Ejo hashize. Ile imepita."

Kasoki alifunga kiganja ku ufunguo. "Anaweza kurudi?"

"Sijue. Uende umuulize weye mwenyewe." Dative alikuwa amekwisha kugeuka, kisha akasimama. "Ila safari hii umusikilize mpaka mwisho."

Kasoki alifungua mulango. Ilikuwa karibu nusu saa. Alisimama karibu ya bidoni, karibu ya kiti yenye hakuna mutu, na alipoisikia tak ya kwanza hakuangalia ekra. Alianza kusema kwa sauti yake ndogo, Mama Maria, bariki maji, lakini hakujua mwendo wa muzee. Tak ya pili ikamukuta bado ku neno "batoto", mbele ya amina.